Pishi ya Homa

Pishi ya homa hujaa upesi. Juzi mlinisikia nikimwambia hivyo jirani yetu Mwachofi, alipokuwa akilalama kwamba mke wake alimwacha peke yake kitandani na homa kutwa nzima, nanyi mkaguna, mkataka kujua pishi na homa vilikutana wapi. Vilikutana jikoni, wajukuu zangu, mkononi mwa mwanamke mmoja aliyeitwa Mkawasi. Kaeni niwaeleze ilivyokuwa.

Mkawasi aliishi Kironge, kijiji kilichokaa juu kabisa mlimani, zamani zile ambazo saa za ukutani zilikuwa bado hazijapanda huko. Watu waliijua asubuhi kwa umande na adhuhuri kwa kivuli. Lakini kulikuwa na miezi ambayo Kironge hakukuwa na kivuli. Ukungu ulishuka ukakaa, mweupe, mzito, kama usingizi wa mtu aliyechoka, na wiki nzima ikapita mtu asiweze kusema kama ni saa tatu au saa tisa. Hata majogoo walichanganyikiwa, wakawa wanawika ovyo. Katika miezi hiyo, aliyetaka kujua siku imefika wapi alikwenda kumwuliza Mkawasi.

Hakuna aliyejua alivyojua. Mwenyewe pia hakujua. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, asiye na maneno mengi, na ndani yake kulikuwa na kitu kilichotembea kwa hatua zilizolingana, kama ng'ombe anayerudi zizini. Akiulizwa, aliinamisha kichwa kama anayemsikiliza mtu aliye chumba cha pili, kisha akasema, "Mbuzi wapelekwe majini sasa." Au, "Bado kidogo." Ukungu ukipasuka ghafla na jua likaonekana, watu walikuta amesema kweli.

Kisha ukaja mwaka wa njaa. Mvua za vuli hazikunyesha, na za masika zikaja ukungu mtupu, maji ya kulowesha nywele tu. Ghala zikafagiliwa hadi vumbi. Wanaume wenye nguvu, na mume wa Mkawasi aliyeitwa Mwakio akiwa mmoja wao, waliteremka nchi za chini kutafuta nafaka. Waliobaki Kironge ni wanawake, watoto, na wazee wachache ambao magoti yao yalikuwa yamekataa safari. Hao wakaanza kuchimba ndiga.

Ndiga ni kiazi cha porini. Mungu alikiweka kwa ajili ya siku mbaya, lakini alikificha ndani ya sumu. Ukimenya, ukikata vipande vyembamba, ukavilaza mtoni siku tatu kucha kutwa, bado sumu imo. Ni lazima uchemshe, umwage maji, uinjike tena na uchemshe muda mrefu. Hapo ndipo penye mtego. Ndiga iliyoiva nusu ina rangi ileile ya ndiga iliyoiva kabisa, na ulaini uleule, na harufu ileile. Jicho halitambui, wala kidole. Kinachotambua ni muda peke yake. Aliyekula kabla ya wakati, kwanza midomo humfa ganzi, kisha kichwa humzunguka, kisha hutapika, na kama alikula ya kushiba, degedege humchukua.

Kwa hiyo Kironge walikubaliana kupika pamoja, chungu kimoja kikubwa kwenye banda la karibu na mto, na mpishi awe Mkawasi. Nani mwingine?

Yeye alipima hivi. Alikaa kwenye kigoda kando ya moto, akaweka mbele yake pishi tupu, ile ya mti ambayo zamani walipimia mtama, na pembeni rundo la vijiwe vya mtoni. Chungu kikianza kuchemka mara ya pili, aliimba wimbo wa kusagia, ule ambao kila msichana wa Kironge hufundishwa na mama yake:

Nenda jiwe, rudi jiwe,
aliyekwenda mbali yu njiani.
Nenda jiwe, rudi jiwe,
unga ukitulia naye atatua.

Beti zilikuwa saba. Akizimaliza zote, alitia kijiwe kimoja ndani ya pishi, akaanza upya. Pishi ikijaa hadi mdomoni, alisema neno moja, "Ipueni," na chungu kiliipuliwa. Wa kwanza kupewa chakula alikuwa binti yake mwenyewe, Mghoi, mtoto wa miaka saba. Desturi hiyo aliianzisha Mkawasi siku ya kwanza, bila kuulizwa na mtu, ili watu wale bila woga. Wiki tatu nzima Kironge walikula ndiga, na hakuna hata mmoja aliyeumwa na tumbo.

Aliyekuwa akichochea kuni ni wifi yake, Wakesho, mdogo wa Mwakio. Wakesho alifiwa na mume akiwa bado kijana, akarudi kwao. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na mkono mzito. Akitumwa maji, watu walisahau kiu. Akianza kikapu, mwaka ulimkuta katikati. Akikaa karibu na moto alikuwa na kikapu chake cha ukindu mapajani, akisuka na kuchochea, akichochea na kusuka. Mkawasi alimpenda, ila alikuwa na mazoea ya kumtania kwa maneno yenye miiba midogo. "Wifi, wewe ukipewa siku mbili utaomba na ya tatu." Wakesho alicheka tu, akaendelea kusuka.

Sasa siku yenyewe.

Asubuhi hiyo Mkawasi aliamka akiwa na baridi mifupani. Alijifunika kanga mbili, akaiambia nafsi yake kwamba ni ukungu. Alipoinama kufunga mlango, ardhi ilisogea kidogo, kama mtu anayevuta mkeka polepole. Alisimama akasubiri itulie. Hakumwambia mtu. Watu arobaini walikuwa wakingoja chungu, na mpishi mwingine hakukuwapo.

Njiani kwenda bandani aliona mambo kwa namna ambayo hakuwahi kuyaona. Tone la maji lilikuwa limening'inia kwenye ncha ya jani la mgomba. Alilitazama likinenepa, likirefuka, likikataa kuanguka, na ilionekana kwake kwamba alisimama pale muda wa kutosha kuzaa na kulea. Halafu likaanguka. Watu waliomsalimu, sauti zao zilimfikia zikiwa zimechelewa, kama zimetoka ng'ambo ya bonde. Moshi wa banda ulisimama wima, hauendi popote. "Dunia leo imechoka," aliwaza. "Inajikokota."

Chungu kiliinjikwa, maji ya kwanza yakamwagwa, kikainjikwa tena. Kilipoanza kuchemka Mkawasi akakaa kwenye kigoda na kuanza kuimba.

Alivyosikia yeye, aliimba kama siku zote. Wimbo ulikuwa uleule, mapigo yaleyale. Kijiwe kiliingia, akaanza tena. Ila kila kitu kilichomzunguka kilikuwa kimelala. Ndimi za moto zilipanda taratibu kama majani ya mto yanayopepea chini ya maji. Wakesho aliinua kuni moja, na mkono wake ulisafiri hewani safari ndefu kabla ya kufika. Mtoto mmoja alipiga chafya, na chafya hiyo ilikuwa na mwanzo, katikati na mwisho. Mkawasi aliona huruma kwa watu wale waliokaa wamezunguka banda na bakuli zao magotini. Maskini, wanangoja tangu lini? Akaendelea kuimba. Vijiwe vikaendelea kuanguka ndani ya pishi, tak, tak, na sauti hiyo peke yake ndiyo iliyomfariji.

Hatimaye kijiwe kimoja kilikosa mahali, kikabingirika chini. Pishi ilikuwa imejaa.

"Ipueni," alisema Mkawasi.

Wanawake wawili wakainuka na majani ya mgomba mkononi, ya kushikia chungu. Mghoi akasimama na bakuli lake, kwa kuwa alijua zamu yake. Lakini Wakesho, aliyekuwa ameketi kati yao na moto, hakujisogeza.

"Wifi," alisema, "bado."

Mkawasi alidhani hakusikia vizuri. "Bado nini?"

"Ndiga bado."

"Pishi imejaa, Wakesho. Huna macho?"

"Naiona imejaa. Lakini ndiga bado."

Wiki tatu hakuna aliyewahi kusema neno baada ya Mkawasi kusema lake. Wa kwanza kujibu ni Mzee Malemba, mzee wa mguu mbovu, ambaye nguvu zake zote zilikuwa zimehamia kooni.

"Bado!" alifoka. "Tumekaa hapa tangu ukungu ulipozaliwa! Matumbo yametusahau majina, na wewe unasema bado?"

"Tazama kuni, mzee," alisema Wakesho. Hakuinua sauti. "Kila siku mzigo huu huisha. Leo umebaki hivi ulivyo."

"Kuni zimelowa. Zinaungua kwa kusinzia, kama mchochezi wake."

Baadhi ya watu wakacheka, kicheko cha njaa, kikavu. Wakesho akainua kikapu chake. "Basi tazameni hiki. Kila siku pishi ikijaa ninakuwa nimesuka mizunguko mitatu. Leo wa pili sijaumaliza."

"Mkono wako tunaujua, Wakesho," mwanamke mmoja akajibu kutoka nyuma. "Na tena, mwenye kazi mkononi haoni muda ukipita. Sisi tuliokaa bure ndio tunaojua tumekaa kiasi gani."

Neno hilo lilikuwa zito, wajukuu zangu, maana lina ukweli wake. Mnajua wenyewe. Ukiwa na kazi uipendayo, jua huteleza usilione. Ukiwa na njaa na unatazama chungu, jua husimama. Watu wote wakaanza kusema kwa pamoja: kweli leo tumekaa mno, kweli leo imepita kiasi, hata ndiga itarojeka. Arobaini walisema muda umekwisha, na mmoja tu alisema bado, naye ndiye yule ambaye kijiji kizima kilimjua kwa uzito wa mkono.

Mkawasi akasikia hasira ikimpanda, hasira nyepesi, ya haraka, isiyo yake. "Wifi," alisema, "unataka wafe njaa huku wanakitazama chungu? Ondoka hapo." Akanyoosha mkono amsukume.

Wakesho akaudaka mkono ule, akaushika, asiuachie. Uso wake ukabadilika.

"Wifi, unawaka."

"Ni joto la moto."

"Moto uko kulia kwako," Wakesho alisema polepole. "Huu ni mkono wa kushoto."

Mkawasi akautoa mkono wake. "Hata nikiwa na homa, homa si uwendawazimu. Wimbo ninaujua. Sikuruka ubeti hata mmoja. Mtu yeyote hapa aseme kama niliruka."

Hakuna aliyesema, kwa sababu hakuruka. Wakesho akaligeukia jiwe la kusagia lililokuwa pembeni ya banda. Kisha akasema, "Huo wimbo si wa kupikia. Ni wa kusagia. Ngoja tuurudishe kwenye jiwe lake." Akatoka bandani, na kwa mara ya kwanza watu wa Kironge walimwona Wakesho akikimbia.

Aliporudi alikuwa na kifuko cha ngozi. Akapiga magoti penye jiwe la kusagia, lililokaa bandani miezi mingi bila kazi, akalipangusa kwa upindo wa kanga yake, akamimina konzi moja la mtama.

"Wakesho!" mwanamke mmoja akashtuka. "Hiyo ni mbegu!"

"Najua ni mbegu," alisema Wakesho.

Kila mtu aliyekuwapo alielewa anachokusudia. Msichana wa Kironge anapofundishwa kusaga huambiwa: konzi moja, wimbo mmoja. Beti saba zikiisha, konzi limekuwa unga. Limekuwa hivyo tangu kwa mabibi wa mabibi. "Imba, wifi," alisema Wakesho. "Imba kama ulivyokuwa ukiimba."

Mkawasi akaimba. Nenda jiwe, rudi jiwe. Aliona hata anauburuta wimbo, kwa vile alitaka kuwa mwangalifu, kila neno akaliweka mahali pake. Wakesho akasaga kwa mkono ule ambao wanawake wote husagia, na hakuna aliyeweza kusema alizembea, kwa sababu jasho lilimtoka. Ubeti wa saba ukaisha. Mkawasi akainama kutazama jiwe.

Mtama ulikuwa umevunjika vipande. Chenga tupu, na punje nyingine nzima kabisa, zikimtazama.

"Umesaga polepole," alisema. Lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

Wakesho hakubisha. Akaufagia ule mtama pembeni, akatoa konzi la pili, akaondoka penye jiwe. "Basi saga wewe," alisema. "Mimi niimbe."

Mkawasi akapiga magoti. Jiwe lilikuwa baridi, na baridi hiyo ilimpendeza. Wakesho akaanza kuimba, na wanawake wengine wakamfuata kwa sauti ya chini, kama wanavyofanya wenyewe nyumbani.

Nenda jiwe.

Mkawasi akasukuma, akangoja neno linalofuata. Halikuja. Alingoja kama mtu anavyomngoja msafiri aliyemwona kwenye kilima cha mbali, anamwona anakuja, lakini hafiki. Rudi jiwe, neno likafika. Akavuta. Kati ya neno na neno kulikuwa na uwanja mpana, na ndani ya uwanja huo aliweza kusikia mto, na ukungu ukidondoka juu ya makuti, na moyo wake mwenyewe ukienda mbio kama mbuzi aliyekatika kamba. Aliyekwenda mbali. Alimwona Mwakio akitembea nchi ya chini, mguu mmoja umeinuka, haushuki. Yu njiani. Walikuwa wamelewa, hawa? Mbona wanauvuta hivi? Akataka kuwaambia waharakishe, lakini akainua macho akaona wanaimba vizuri, nyuso zimetulia, wameuimba hivi tangu utotoni, na yeye aliuimba hivi jana.

Hapo ndipo alipojua. Hakuwa Wakesho aliyechelewa. Wala dunia haikuchoka. Ni yeye aliyekuwa akikimbia, tangu asubuhi, peke yake, na kwa kuwa alikimbia ndani kwa ndani, hakujiona.

Wimbo ulipoisha, chini ya mikono yake unga ulikuwa umetulia, mweupe, laini. Konzi moja, wimbo mmoja.

Alibaki amepiga magoti. Mbele yake alisimama Mghoi na bakuli lake, akimtazama mama yake bila shaka yoyote, kama anavyomtazama kila siku. Mkawasi akainuka kwa kushika nguzo, akaichukua pishi kwa mikono miwili, akaipindua. Vijiwe vyote vikamwagika chini kwa kishindo, na watoto wawili wakaanza kulia, maana walielewa.

"Kaeni," Mkawasi alisema. "Nisameheni. Ndiga bado. Wakesho ndiye atakayehesabu, tena aanze na pishi tupu. Mnaonuna, nunieni mimi."

Hakuna aliyenuna kwa sauti. Mwenye sauti alikuwa Malemba, naye alikuwa amenyamaza ghafla. Wakesho akakaa kwenye kigoda cha wifi yake, akaanza ubeti wa kwanza. Mkawasi alilala juu ya mkeka kando ya moto, kichwa juu ya mapaja ya bintiye, akawa anasikia vijiwe vikiingia kimoja kimoja, na kati ya kijiwe na kijiwe aliota ndoto nzima, zenye mito na harusi na watu waliokwisha kufa, akaamka, na Wakesho bado yuko ubeti uleule.

Pishi haijafika nusu, Mzee Malemba akaanza kujipapasa midomo. "Siisikii," alisema. "Midomo yangu siisikii." Watu wakamgeukia. Akaanza kulia kama mtoto, akaungama: walipokuwa wote wanatazama jiwe, yeye alichomoa kipande kimoja chunguni kwa kijiti, kipande kisichozidi kidole gumba, akala. Alitapika hadi akatapika hewa. Wakamlaza, wakamnywesha maji, wakamkanda miguu. Siku mbili nyumba yake ilimzunguka kama pia, ya tatu akakaa kitako. Hakufa. Lakini kila mmoja wa wale arobaini alitazama bakuli lake tupu, akatazama watoto wake, akangoja, na hakuna aliyeuliza tena imebaki kiasi gani. Pishi ya Wakesho ilipojaa, walikula. Mghoi alikula wa kwanza. Hakuna aliyeumwa.

Mkawasi aliumwa siku sita. Wakesho alimwuguza. Siku ya tatu, homa ikiwa juu, Wakesho alichukua mtungi kwenda mtoni, na Mkawasi akabaki akitazama dari. Alimngoja. Aliona amengoja asubuhi nzima, kisha kutwa, kisha akaanza kuwaza kwamba wamemtupa, wamehama wote wamemwacha na moshi. Machozi yakamtoka, na maneno makali akayapanga mdomoni, yale ya miiba, tayari kwa wifi yake atakapoingia. Wakesho akaingia, mtungi kichwani, maji bado yanachuruzika ubavuni mwake.

Mkawasi akameza maneno yake. Badala yake akauliza, "Wifi, umekwenda muda gani?"

"Kwenda na kurudi tu," Wakesho alisema. "Hata kuni nilizotia motoni hazijashika vizuri. Kwa nini?"

"Basi," alisema Mkawasi, na katikati ya homa yake akacheka. "Huku kwangu pishi ilishajaa na kumwagika."

Wakesho naye akacheka, akakaa, akamwosha uso kwa maji yale baridi. Tangu hapo alikuwa kila akitoka anasema, "Ninaenda mtoni, wifi, nakurudia," na akirudi anasema, "Nimekwenda mtoni tu," na Mkawasi alilishika neno hilo kama mgonjwa mwingine anavyoshika mkono wa mtu.

Mkawasi alipopona, Malemba alikuja kumtazama, anajikongoja na fimbo. Alikaa mlangoni.

"Mama Mghoi," alisema, "sisi tulikuwa arobaini, na hatukuwa na homa. Ilikuwaje sote tukaona muda umekwisha?"

"Mlikuwa nayo, mzee," Mkawasi alimjibu. "Mimi ilinishika kichwani, ninyi iliwashika tumboni. Na pishi ya homa hujaa upesi."

Malemba alitikisa kichwa. Alitoka na neno hilo, na kwa vile koo lake lilikuwa limepona, hadi jioni kijiji kizima kilikuwa kimelisikia.

Walimtaka Mkawasi arudi kwenye kigoda. Alikubali, ila kwa sharti: kila siku kabla ya kuanza, Wakesho amshike paji la uso, na konzi moja la kwanza lipimwe kwenye jiwe, hata kama ni la mchanga mtupu. Watu walisema haina haja, wanamwamini. Akasema, "Mniamini mimi. Pishi muipime." Wanaume waliporudi kutoka nchi za chini na magunia, walikuta watoto wote wa Kironge wako hai, na walimkuta mke wa Mwakio ameketi jikoni, wifi yake ameweka kiganja kwenye paji lake, wote wawili wamenyamaza kama wanaosikiliza kitu.

Siku hizi waliosoma wanasema ubongo wa mtu una namna yake ya kuhesabu, na kwamba kichwa kikipata moto, hesabu huenda mbio. Huenda ni hivyo. Kironge hawakuyajua hayo. Walijua tu kwamba mgonjwa akisema amesahaulika, asibishiwe wala asiaminiwe, bali mtu akae karibu naye. Mwenye hasira akisema amevumilia vya kutosha, aombwe aimbe wimbo mmoja zaidi. Na aliyemngoja mpenzi wake, au mume, au jibu la neno zito, akahisi miaka imepita na hakuna anayejali, kabla hajatamka la kuvunja nyumba, amtafute mtu mwenye mkono baridi amwulize: ni muda gani hasa? Maana aliyemo ndani ya homa huhesabu kwa uaminifu, haruki ubeti hata mmoja, na bado hukosea.

Pishi ya homa hujaa upesi.